Mistari Saba ya Paskazia

Mwalimu Leonsia alifika kijijini mwezi wa sita mwaka 1975, akitokea Bukoba, kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kijiji cha ujamaa kilikuwa kipya, kimepangwa kando ya ziwa, kaskazini mwa Mwanza, na nyumba nyingi zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Yeye alipewa nyumba ya zamani, iliyokuwapo kabla ya kijiji, iliyosilibwa upya kwa udongo. Aliipenda. Asubuhi alifungua dirisha akaona maji na mawe makubwa, na jioni wanafunzi wake, wengi wakubwa kuliko mama yake, walimletea sato.

Wiki ya pili kichwa kikaanza kumwasha. Wiki ya tatu, kila alipoamka, ngozi ya kichwa ilimuuma kama ya mtu aliyesukwa jana akakazwa mno. Mganga wa zahanati alisema ni mapunye, au pengine hajayazoea maji ya ziwa. Akampaka dawa ya zambarau. Nywele zikaendelea kutoka. Hazikutoka kwa mabaka, kama mapunye yafanyavyo. Zilitoka kwa mistari.

Jumamosi alikwenda kwa jirani yake, Tereza, mke wa balozi wa nyumba kumi, amsuke kuficha ile aibu. Walikaa uani, jua likiwaka, kichwa cha Leonsia katikati ya magoti ya Tereza. Tereza akamfungua kitambaa, akainua chanuo. Chanuo halikushuka.

"Mwalimu, nani amekusuka?"

"Sijasukwa tangu nitoke Bukoba."

Tereza akapitisha kidole taratibu, kutoka sikio la kushoto, juu utosini, hadi kisogoni. Mstari mmoja. Wa pili. Alipofika wa tano, akaondoa kidole.

"Ile nyumba ilikuwa ya Paskazia," alinong'ona. "Alikuwa akiwasuka wanawake waliofariki, kabla hawajazikwa. Mistari saba. Hakumsuka hivyo mtu aliye hai. Alipokufa mwenyewe, sisi tulikuwa kwenye pilikapilika za kuhamia hapa. Tulimzika na nywele zake timutimu."

"Na mimi ninayo mitano."

Tereza alikuwa ameshaanza kumfunga kitambaa.

Leonsia alisomeshwa na masista; mambo hayo hakuyataka. Lakini aliomba wembe. Nkwabi, yule balozi, akamnyoa upara siku hiyo hiyo.

"Haya, sasa asuke nini?" alisema Nkwabi, akijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye.

Leonsia akasali rozari yote, akalala.

Alipoamka, jua lilikuwa limechomoza. Kichwa kilimuuma. Akachukua kioo. Juu ya ngozi tupu kulikuwa na mstari wa sita. Mwekundu. Mbichi. Umepakwa mafuta.

Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mafuta ya nywele.

Hakunawa. Hakufunga mlango. Alijitanda kanga kichwani, akaenda moja kwa moja kwa Tereza.

"Sirudi mle," alisema. "Hata kwa dakika moja."

Nkwabi alimpakia kwenye lori la pamba hadi mjini, na jioni Leonsia akapanda meli ya Bukoba. Alikaa wima safari nzima, mkono kichwani, macho wazi. Mstari wa saba haukuja. Nywele zilirudi baada ya miezi minne, isipokuwa penye ile mistari sita, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwona Mwalimu Leonsia bila kitambaa.

Nkwabi ndiye aliyeingia kutoa vitu vyake. Alitoa sanduku, vitabu, taa. Mwisho akavuta kitanda kutoka ukutani, akasimama pale pale.

Ukuta ule aliusiliba mwenyewe, miezi miwili iliyopita, ukawa bapa. Sasa, usawa wa mto wa kulalia, udongo ulikuwa umetokeza. Vinundu viwili vya mviringo, vikubwa kama magoti ya mtu mzima aliyeketi, vimeachana upana wa kichwa. Na katikati yake udongo ulikuwa laini, umesuguliwa, unang'aa kwa mafuta.