Robota la Jumanne

Fuso nyeupe iliipita njia panda ya Mwadui bila kupunguza mwendo.

Nelly Jilala alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka tuta, vumbi likamwingia mpaka kwenye meno. Saa tano na nusu asubuhi. Kontena la pamba kwenye bandari kavu ya Isaka lingefungwa saa nane.

Redio ilikoroma. Alikuwa Bashiri, mkuu wake wa kikosi cha polisi cha magendo, kutoka Shinyanga mjini.

"Mbili-Saba, umeiona?"

"Nakula vumbi lake."

"Dhahabu ya magendo kutoka migodi ya Segese, kilo kumi na nane, ndani ya robota moja. Hatujui lipi."

Nelly alikata redio. Pamba ya kijijini kwao, karibu na Mhunze, ilipata mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka kila robota liandikwe kwenye blokucheni, daftari la mtandaoni ambalo kikishaingia kitu hakifutiki. Lebo ya kijani, jina la mkulima, siku ya kupima. Lenye lebo halifunguliwi popote njiani. Wakubwa wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza mkulima asiye na simu janja atajisajili vipi. Jibu likawa la kijinga: laini za simu za kijiji kizima, pamoja na namba za siri, zilirundikwa kwenye kopo la maziwa ofisini kwa chama cha ushirika.

Na dhahabu ikikamatwa mbele ya safari, mwenye jina kwenye lebo ndiye atakayefungwa.

Aliipita Fuso, akaikatia mbele. Breki zikalia.

Nasibu, dereva, alinyoosha mikono juu bila kuambiwa. Kando yake aliteremka Edson, fundi kutoka mjini aliyeuleta mfumo ule kijijini, shati limenyooshwa kwa pasi. Alimweleza Nelly kwa upole kwamba kufungua robota lenye lebo ni kuvunja mkataba, na wakulima wote watamkosa mnunuzi. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomkera Nelly.

Akawasha detekta, ile wanayotafutia dhahabu wachimbaji wa Geita. Ikalia. Robota la pili, ikalia. Yote sitini yalilia, maana kila robota limefungwa kwa waya za chuma.

"Tuna kontena la kuwahi, dada," Edson alisema.

Nelly akatoa simu, akaanza kuskani lebo. Jumatatu. Jumatatu. Jumatano. Kisha moja peke yake: Asteria Mageni, Jumanne, saa tano asubuhi.

Akaganda.

Jumanne hiyo mama yake Nelly alimpigia kumwambia kijijini kuna msiba. Kwao, siku ya maziko hakuna anayeshika jembe wala mizani. Hata katibu wa chama huondoka kwenda kuchimba kaburi. Edson, mgeni, aliikuta ofisi tupu na kopo la laini za simu, akadhani ni bahati yake.

Alimpigia mama yake, ambaye bado alikuwa msibani, akaomba simu apewe mfiwa, Asteria mwenyewe, mama yake Zipora. Aliweka spika.

"Shikamoo, Mama Zipora. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe kukuuliza. Jumanne saa tano ulipima pamba?"

"Saa tano tulikuwa tunamzika mume wangu. Nani anasema nilikuwa kwenye mizani?"

Mkono wa Edson ulikuwa umeshafika kiunoni. Bastola ikatoka nusu.

Teke moja. Bastola ikaangukia vumbini. Glock ya Nelly ikamtazama usoni, kisha pingu.

Nelly alikata waya za robota hilo moja; lebo ya uongo haikuwa na mkataba wa kuvunjwa. Pamba ikafumuka, na katikati yake vipande tisa vya dhahabu, kila kimoja ndani ya soksi. Marobota hamsini na tisa, pamba halali ya watu, yaliondoka na Nasibu kuwahi Isaka.

"Naweza kulifuta jina la yule mama," Edson alinong'ona. "Tumalizane."

"Halifutiki. Wewe ndiye uliyetufundisha. Na lebo inaonyesha limeingizwa kwa tableti yako."

Jioni Nelly aliiacha Glock garini, akajifunga khanga, akaingia msibani. Alimkabidhi Asteria laini yake kutoka kwenye kopo. Asteria akaifunga kwenye pindo la khanga, akauliza kama ule uongo umeondolewa.

"Hauondoki, mama. Lakini chini yake tumeongeza mstari: siku hiyo alikuwa anamzika mumewe, Luka."

Asteria aliinamisha kichwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Garini redio ilikuwa inaita tena. Nelly alikaa naye kwanza, kisha akaenda kuijibu.