Aliyeitikia Karibu

Ute ndio uliomtia Rampha wasiwasi. Mnyama mwenyewe alikuwa wa mpira na vyuma, na ni yeye Rampha aliyempaka rangi kuanzia ncha ya pua hadi kifuani. Mate ya bandia ya kupigia picha yalikuwa bado ndooni, kifuniko hakijafunguliwa. Lakini asubuhi ile alipopitisha brashi juu ya ulimi, brashi ilirudi na uzi mrefu wa ute wa vuguvugu, unaonuka maini mabichi.

"Jamani, nani kachezea ulimi?" aliuliza.

Hakuna aliyeugusa. Alifuta mkono kwenye suruali, akanusa vidole, akajutia kunusa.

Hii ilikuwa filamu ya saba ya madinosaria. Dunia ilishatazama sita, watu wakikimbizwa na kutafunwa, na bado ilitaka nyingine. Binadamu ana mambo! Safari hii Wazungu walikuja mkoa wa Krabi kwa ajili ya majabali na msitu, wakakodi banda la zamani la kukaushia mpira. Madinosaria wengi wangechorwa baadaye kwa kompyuta, kwa hiyo waigizaji walikuwa wakikimbia mpira wa tenisi uliochomekwa kwenye fimbo. Huyu mmoja tu mwongozaji alimtaka wa kushikika. Alikuwa kichwa, shingo na kifua, bila miguu wala mkia. Wafanyakazi walimwita Bibi. Ndani ya kifua chake alilala Sompop, mume wa Rampha, mikono kwenye vishikio, akifungua na kufunga yale mataya.

Sompop huyo, mzaha ulikuwa damuni! Siku ya posa alimchekesha mama mkwe mpaka mama wa watu akapaliwa na wali. Rampha alimpendea hilo. Na hilo ndilo lililomponza.

Maana siku ya kwanza, kama ilivyo desturi kabla kamera haijawashwa, meza ya sadaka ya mwenye mahali, jini mlinzi wa eneo, iliandaliwa: kichwa cha nguruwe, kuku wa kuchemsha, ndizi, na soda nyekundu zenye mirija. Meza ilipaswa kukaa nje na kuelekea msituni. Mvua ikamwagika. Wakaivuta ndani ya banda, wakaiweka palipokuwa na nafasi, ikatazamana na pua ya Bibi. Shangazi Buaphan, mpishi wao, ambaye ndiye aliyeongoza dua, alinung'unika, lakini udi ulikuwa umeshawashwa.

Akaunganisha viganja. "Mwenye mahali hapa, popote ulipo, karibu. Karibu uketi, ule, unywe."

Mataya ya Bibi yakafunguka.

"Asante, nimeshafika!" Sompop akaitikia kutoka mle kifuani.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hata mwongozaji, ambaye hakuambulia neno, alipiga makofi. Shangazi Buaphan peke yake ndiye aliyekunja uso.

"We mtoto, aliyeitwa si wewe."

"Shangazi naye! Mimi nimekusaidia tu kupokea mgeni."

"Umempokea kwa mdomo wako," Shangazi alisema, akarudi kwenye masufuria yake.

Mvua haikukatika juma lile. Sompop naye akaanza kubadilika. Mchana wenzake walipoenda kula, yeye alibaki ndani ya Bibi. Siku ile ya ute Rampha alimpelekea wali na samaki, akagonga kile kimlango cha ubavuni.

"Toka ule, mume wangu."

"Nimeshakula."

"Umekula nini, na chakula ninacho mimi?"

Akasikia kutafuna, taratibu, kama mtu anayemung'unya kitu chenye mifupa midogo.

"Kumenoga humu," sauti ilisema. "Kuna joto. Usinisumbue."

Rampha akarudi nyuma. Sauti ilikuwa ya mumewe, hilo hana shaka nalo. Lakini Sompop hakuwahi kumwambia usinisumbue, hata siku waliyogombana mpaka jirani akaingilia. Aliogopa, akajicheka kwa kuogopa, na hofu ikabaki palepale.

Alasiri ile walipiga picha ya mwanamke anayejificha chini ya ukingo wa mwamba wa bandia huku mnyama akimnusa. Mwigizaji alijibanza, Bibi akashusha shingo, nywele za dada yule zikapepea. Mwongozaji akapiga kelele kusimamisha. Kamera zikazimwa, zote isipokuwa moja. Bibi hakusimama. Alizidi kunusa, shavu, shingo, nyuma ya sikio, na mwigizaji akaanza kulia kilio ambacho hakikuwemo kwenye mchezo, na Rampha akakimbia kuzunguka nyaya na ndoo mpaka ubavuni, akakivuta kile kimlango kwa mikono miwili huku akiita jina la mumewe, na kilipofunguka harufu ya maini ikampiga usoni, na mle gizani akamwona Sompop amelala chali, macho yamefumba, mikono ameikunja kifuani kama maiti iliyoandaliwa, haigusi kitu, na mbele yake vile vishikio vilikuwa vikienda na kurudi, vikienda na kurudi, peke yake.

Walimtoa akiwa baridi. Alipofumbua macho alimtazama Rampha kwa adabu, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Mwongozaji alifurahi kupita kiasi. Alisema hajawahi kupata picha nzuri kama ile.

"Shangazi," Rampha alinong'ona, amemshika mama yule mkono kwa nguvu, "nitampoteza mume wangu. Niambie la kufanya."

"Shusha sauti. Kinasikia." Shangazi alitazama banda kwa pembe ya jicho. "Nitamwita Plaek."

Plaek aliuza barafu kwa gari lake bovu, na alipokuwa hauzi barafu alikuwa mganga wa kuwaaga majini waliowaingia watu. Alikuja kesho yake mchana, ameloa, kifua kimejaa chale za maandishi ya zamani, akasikiliza habari yote bila kuketi.

"Mnalia nini?" alisema. "Mgeni kakaribishwa, kakaa. Hajafanya kosa. Mgeni hafukuzwi, anaagwa. Na kwa kuwa aliyeitikia karibu ni huyu kijana, kwaheri nayo itoke mdomoni mwake. Ikishatamkwa, mmoja anaondoka, na akiondoka harudi."

Meza ikaandaliwa upya. Sompop wakamkalisha mkekani mbele ya meza, akitazamana na Bibi, akakaa bila ubishi. Rampha aliambiwa asimame nyuma ya Bibi, asije akamziba mgeni njia. Akasimama pale, kiganja kwenye shingo ya mpira aliyoipaka rangi kwa mikono yake, akiomba kila kilicho juu na kila kilicho chini.

"Umekula, umeshiba," Plaek alisema, udi ukifuka. "Tunakuaga kwa heshima. Kijana, sema."

Mvua juu ya bati.

Ndipo Rampha akahisi mpira ukitetemeka chini ya kiganja, na kutoka ndani ya koo lile tupu, ambamo safari hii hapakuwa na mtu, ikaja sauti ndogo, ya karibu sana, sauti ya mtu aliyelia mpaka amechoka.

"Rampha. Huyo siye mimi. Mimi niko huku, sioni kitu. Usimwache aseme. Rampha, mke wangu, usimwache aseme."

Alitaka kupiga ukelele, sauti haikutoka, na pale mkekani yule mwanamume mwenye uso wa mumewe akainua kichwa polepole, akamtazama Bibi machoni, akatabasamu, akaunganisha viganja vizuri kabisa, kama mtu aliyefunzwa adabu na wazazi wa zamani.

"Kwaheri," akasema.

Mataya yakajifunga. Mpira ukapoa chini ya kiganja cha Rampha, ukawa mpira tu.

Hapo sauti yake ikatoka. Alilia akipiga ile shingo kwa ngumi, akafungua kimlango, akaingia nusu mwili, akapapasa vishikio, nyaya, vyuma. Wakamvuta nje. Wenzake walikuwa wakikumbatiana, wakimshukuru Plaek.

"Mwacheni alie," mmoja alisema. "Furaha hiyo."

"Siye!" alisema. "Shangazi, siye! Mmemuaga Sompop mwenyewe!"

"Hebu tulia, mwanangu. Amepona. Mwangalie, rangi imemrudia."

Na kweli rangi ilikuwa imemrudia. Alikuja akitembea kwa uangalifu, kama aliyevaa viatu vipya, akamshika Rampha mkono. Kiganja kilikuwa cha moto. Pumzi ilinuka maini.

"Twende nyumbani," alisema kwa sauti ya Sompop, na wote wakasikia. "Ila utangulie wewe, mwenyeji wangu. Mimi mgeni, njia siijui."

Banda zima likaangua kicheko. Kweli karudi, wakasema, mzaha wake uleule.