Anayebisha Mwishoni mwa Wimbo

Rafiki yangu Orval Stidham, wa kule Kentucky, alianzisha kampuni ndogo ya santuri za muziki wa kantri ndani ya ghala la mbegu la marehemu baba yake. Santuri ya kwanza tu, vituo vya redio vikamrudishia: wimbo ukiisha, mtu anasikika akibisha mlango.

Akarekodi upya mara tatu. Ghalani hakuna aliyesikia kitu, lakini kwenye utepe wa kurekodia mlango ukabishwa vilevile. Orval akachoka kabisa.

"Maxie, safari hii usigonge sakafu kwa mguu hata kidogo," alimfokea mwimbaji wake.

"Nigonge nini? Kagombane na panya wako!"

Orval akafunga mlango kwa komeo, akazima na taa kwa kuwa zilikuwa zikivuma. Ghala likawa giza mchana kweupe. Maxie akaimba, akamaliza, wakakaa kimya dakika nzima huku utepe ukiendelea kurekodi.

Wakarudisha utepe, wakausikiliza. Wimbo ukaisha, na hakuna aliyebisha.

"Afadhali!" alisema Orval.

Ndipo waliposikia kwenye utepe komeo likifunguliwa, na hatua nzito zikipita juu ya mbao hadi karibu kabisa na maikrofoni. Kisha mtu akavuta pumzi ndefu, kama anayejiandaa kuimba.