Mifuko Kumi Iliyopoa

Anjeline, muuza chai wa Busia mpakani, anaapa kwamba Apendi alitoroka na dereva.

"Niliona kwa macho haya," husema. "Alisimamisha lori la saruji mchana kweupe, akapanda na kapu lake la samaki, anacheka. Lori likageuka. Haikupita dakika, Mzungu na Peugeot yake nyuma yao. Wanaume wawili, jamani, kwa mwanamke anayenuka samaki!"

Kucheka, alicheka. Lori, alipanda. Mengine Anjeline ametia sukari.

Ilikuwa Mei 1967, mvua haikatiki. Chini ya samaki wakavu wa Majanji, kule ziwani, Apendi alificha redio ndogo na bastola ya Walther. Busia ilimjua kama muuza samaki. Kampala ilimjua kwa namba.

Saa saba na dakika tano redio ilikoroma.

"Kumi na Saba. Lori la saruji kutoka Tororo. Mzigo umechezewa njiani. Silaha."

"Kazi ya nani?"

"Lambrecht. Anajifanya mpiga picha wa gazeti. Zisifike mpakani."

Saa nane maofisa wa Kenya na Uganda wangelipokea lori hilo kizuizini, kuonyesha kwamba majirani watauziana bila usumbufu. Juni mkataba wa ushirikiano wa Afrika Mashariki ungetiwa sahihi Kampala. Bunduki zikionekana mbele ya kamera, Kenya itasema jirani anawapelekea wahalifu silaha. Mpaka utafungwa. Mkataba utakufa. Na mabwana wa Lambrecht ng'ambo wataendelea kuuzia kila nchi peke yake, kwa bei waitakayo.

Dakika hamsini na tano.

Ndani ya lile lori la Bedford, dereva Ofwono alitazama mdomo wa bastola.

"Mama samaki, mimi nabeba saruji tu!"

"Najua. Acha njia ya mpakani, shika barabara ya Majanji. Njiani ulisimama wapi?"

"Palikuwa na msiba, hapo nje ya Tororo. Nipite msiba kama ng'ombe? Nikashuka, nikashika mikono ya wafiwa, nikalia kidogo. Nusu saa tu."

"Marehemu ni nani?"

"Sijui. Sisi naulizaga baadaye. Kwanza nalia."

Lambrecht alikuwa amekaa Tororo mwaka mzima. Alijua dereva wa huku hapiti msiba; nusu saa hiyo ilimtosha kubadilisha mifuko.

Peugeot 404 nyeupe ilitokea nyuma yao.

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha pembeni.

"Usisimame!"

Apendi alitoka kwa dirisha, akajivuta hadi nyuma, akapenya chini ya turubai. Mifuko mia moja, yote sura moja. Apasue upi?

Hakupasua. Aliweka kiganja. Saruji mpya hutoka kiwandani ikiwa na joto, hata wapakiaji wa Tororo hujifunga matambara mikononi. Joto hilo halitoki upesi.

Moto. Moto. Moto.

Baridi.

Kisu. Karatasi ikachanika. Ndani ya mchanga, bunduki ya Sten, imefunguliwa vipande vipande.

Mifuko kumi, yote karibu na mlango wa nyuma.

Peugeot ilikuwa hatua kumi tu. Lambrecht alitoa mkono dirishani. Apendi akaburuta mfuko wenye moto hadi ukingoni, akaupasua, akaumwaga wote.

Vumbi la kijivu. Mvua. Waipa zikafagia mara mbili, zikapaka uji mzito kioo kizima.

Peugeot ikaingia mtaroni kabla ya kijiji cha Masinya, na Ofwono akasimamisha lori.

Lambrecht alikuwa amebanwa na usukani, kamera shingoni.

"Wewe ni nani?"

"Muuza samaki. Mikono juu."

Land Rover ya wenzake Apendi ilikuja kumchukua Lambrecht na mifuko kumi. Redio ikalia tena. Safari hii ni Odwori, mwenzake wa upande wa Kenya.

"Wageni hapa kizuizini wanakunywa chai, dada. Wanaangalia saa. Niwaambie nini?"

"Wamiminie kikombe cha pili. Lori linakuja."

Lakini Ofwono alikuwa hajapanda. Alisimama kwenye mvua, kofia mkononi.

"Dada, mzigo imepungua. Mkubwa wangu atasema nimeuza njiani. Kazi itaisha, labda jela. Niandikie kabarua. Mstari moja."

"Una dakika ishirini. Endesha."

"Nitaendesha. Andika kwanza. Hata jina tu, dada yangu, nipate kitu ya kuonyesha."

Mtu anayejulikana kwa namba haachi jina. Apendi alifunika samaki wake, akajitwika kapu, akashika njia ya Masinya kwa miguu, mwendo wa mtu anayewahi soko.