Sauti ya Dada Katika Kompyuta

Kila jioni mama alikuwa akirudi kutoka kazini kwake, alikofua mashuka ya hospitali, akiketi mbele ya kompyuta kuukuu na kubonyeza kitufe kimoja. Ukurasa wa tovuti ulifunguka na sauti ya binti yake mkubwa ikasema, "Umerudi, Mama? Vua viatu kwanza, upumzike." Mama alivua viatu. Dada aliutengeneza ukurasa huo akiwa mgonjwa, na sasa ilikuwa miezi kumi tangu afariki.

Mdogo wake, msichana wa miaka kumi na mbili, alisikiliza akiwa mlangoni. Dada ndiye aliyembandika jina la Kiherehere, maana mikono yake haikujua kutulia, na ndiye aliyemfundisha kutengeneza kurasa za tovuti.

Jumamosi moja, mama akiwa kazini, Kiherehere alitaka kuongeza picha za dada, ziwe zinapita zenyewe, mama afurahi. Alipakua programu ndogo ya picha. Kompyuta ikakataa, ikatoa onyo refu. Programu ya picha na kicheza sauti cha dada vilitegemea programu moja ya tatu: picha zilitaka toleo lake jipya, sauti ilitaka la zamani. Kiherehere hakusoma. Alilazimisha, kisha akafuta faili lenye orodha ya matoleo, akidhani ni takataka. Ukurasa ukawa mweupe pee.

Jioni mama alibonyeza, akabonyeza tena. "Kuna nini hapa?"

"Sijui, Mama. Sikugusa kitu."

Mama aliketi na viatu miguuni mpaka chakula kikapoa. Kiherehere alimwona, akajifunika shuka na kujifanya amelala.

Kesho yake waliipeleka kompyuta dukani kwa fundi, mwanamke aliyemfahamu vizuri marehemu. Alihangaika nayo asubuhi nzima.

"Kama hakuna aliyegusa, basi ugonjwa uko ndani kabisa," alisema. "Itabidi nifute vyote, nianze upya. Hiyo sauti siahidi kama itapona."

Mama aliitikia kwa kichwa tu.

"Shangazi, usifute!" Kiherehere aliangua kilio. "Ni mimi niliyeharibu!" Akaeleza yote, bila kuficha hata lile faili.

Fundi alishusha pumzi. "Mwanangu, kumbe nimetafuta ugonjwa usiokuwepo! Dada yako aliandika matoleo mahali popote?"

Kiherehere alitoka mbio hadi nyumbani, akarudi na daftari la dada. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandikwa: "Kicheza sauti kinataka toleo la pili. La tatu linagombana nacho. Kiherehere, usiguse!"

Mama alicheka, na papo hapo machozi yakamtoka.

Fundi aliiondoa programu ya picha, akarudisha toleo la pili, akabonyeza.

"Umerudi, Mama? Vua viatu kwanza, upumzike."

Palepale dukani mama akainama, akavua viatu.

Kisha alimvuta binti yake karibu. "Kwa kuharibu sikulaumu, ulinitakia mema. Lakini uliposema hukugusa, ulimfungia fundi njia. Nusura nimpoteze dada yako mara ya pili kwa sababu ya uongo. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Mama alimgeukia fundi, miguu ikiwa bado mitupu. "Hebu bonyeza tena, tumsikilize wote."