Kila Ijumaa Kufuli za Barua Pepe Zilifunguka

"Lete ufunguo!"

Mjomba Idarus alininyoshea mkono mbele ya ofisi nzima... Mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyenilea nyumbani kwake Mtopanga tangu mamangu afariki!

"Mjomba, nisikize..."

"Hapa mimi si mjomba wako! Lete ufunguo wa chumba cha seva, Ikhlas!"

Nikautoa. Akampa Brandon, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe.

Jamani, ngojeni niwaeleze vizuri, maana mkisikia nusu mtanihukumu kama walivyonihukumu.

Mjomba ana kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Changamwe. Mimi ndiye niliyeshughulikia kompyuta. Barua pepe zetu zinaendeshwa na seva mbili zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Ya kwanza ikizimika, ya pili inadaka kazi hapo hapo, mteja hata hajui.

Nilikuwa nimeweka kufuli, yaani mipangilio ya usalama, ili mtu wa nje asiweze kutuma barua kwa jina letu. Lakini kila Ijumaa mchana kufuli zinatoweka! Nazirudisha Jumamosi, Ijumaa hazipo. Nimebadilisha password. Nimesaka virusi mpaka macho yakaniuma. Niliona kwamba seva ya kwanza ilizimika kidogo, nikasema ni stima tu, huku kwetu stima kukatika si habari.

Ijumaa moja wezi wakapenya. Mteja wetu alipata barua, jina letu, anwani yetu, ikimwambia akabidhi karatasi za kontena kwa mtu fulani. Akakabidhi. Kontena zima la matairi likatokomea!

"Nani mwenye password?" mjomba akauliza Alhamisi iliyofuata, siku ile ile aliyoninyang'anya ufunguo.

Brandon akatazama chini.

"Boss, ni Ikhlas tu. Sisi wengine hatuna."

Nikafungua mdomo nijitetee.

"Nakupa mpaka kesho, Ijumaa," mjomba akaniambia. "Usipojua ni nani, basi ni wewe. Na kwangu utatoka."

Kwangu... Nyumba pekee niliyo nayo duniani!

Kesho yake Brandon akanijia.

"Manze, usinikasirikie. Nilisema tu ukweli. Twende tujifiche kwa hiyo room ya seva tumshike huyo msee."

Wakati wa sala ukakaribia. Ofisi ikafungwa, wanaume wakaelekea msikitini. Sisi wawili tukajibana nyuma ya kabati la kompyuta mbovu. Kusema kweli nilikuwa namchunga Brandon mwenyewe. Naye, nahisi, alikuwa ananichunga mimi.

Mlango ukafunguliwa...

Harufu ya udi ndiyo iliyotangulia. Kisha kanzu nyeupe.

Mjomba!

Akaisogelea seva ya kwanza, akasema bismillahi, akaizima.

"Pumzika nawe," akaiambia kwa upole. Akatoka zake.

Hapo nikakumbuka. Marehemu babu alikuwa haendi Ijumaa mpaka azime kila kitu dukani: feni, redio, hata mizani ya stima. Mjomba karithi. Na seva ya pili anaiacha iwake, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia moja ikilala nyingine inafanya kazi!

Nikafungua laptop haraka. Kufuli hakuna hata moja.

"Brandon, nimeelewa! Kufuli zangu zilikuwa kwenye seva ya kwanza peke yake. Ya pili ikishika kazi inatumia mipangilio yake ya zamani. Ya kwanza ikiwashwa tena, inanakili hiyo ya zamani kutoka kwa mwenzake, kufuli zinafutika."

"Sasa dawa ni gani?"

"Ziwekwe kwenye mipangilio ya pamoja, ile inayozitawala zote mbili. Hata azime vipi, hazitoki."

"Kumbe ni hiyo tu!"

Mjomba aliporudi nilimfuata mbio.

"Shikamoo mjomba. Nimejua! Ni vile unavyozima seva kabla ya sala..."

Uso ulimbadilika.

"Wataka kunambia sala yangu ndiyo mwizi?"

"La, mjomba, wallahi sikusema hivyo! Brandon alikuwepo, ameona. Muulize!"

Akamgeukia. "Brandon?"

Nilimwangalia Brandon kwa macho ya kumwomba...

"Boss, mimi sikuona kitu."

Niliapa, nililia, nikapiga magoti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mjomba alivyozidi kuona namdharaulia ibada yake. Nikafutwa kazi pale pale. Nyumbani nilibaki kwa kuombewa na mke wake.

Sasa sikieni hii.

Jumatatu Brandon aliketi kwenye kiti changu, akapewa password, akaziweka kufuli pale pale nilipomwelekeza. Ijumaa mjomba akazima seva yake kama kawaida. Akaenda, akasali, akarudi.

Kufuli zipo! Ijumaa iliyofuata, zipo!

Mnaelewa? Kila Ijumaa inayopita salama ni ushahidi dhidi yangu. Ikhlas kaondoka, wizi umekoma. Nani tena atauliza?

Jana mjomba akaniita.

"Ikhlas!"

"Abee, mjomba."

"Nimekusamehe, mwanangu. Usirudie tena."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa analia, jamani... mjomba wangu analia kwa kunihurumia! Ningemwambia nini ambacho sijamwambia?

"Ahsante, mjomba," nikasema.

Wewe unayesoma, shika hili. Ukigundua ugonjwa wa kitu unachotuhumiwa nacho, usimpe mtu dawa kabla jina lako halijasafishwa. Kikishapona, huna tena cha kuwaonyesha watu.

Na kama kuna kampuni inatafuta mtu wa seva, iwe Likoni au Kisauni, niandikieni. Ila mkienda kuulizia habari zangu kwa mjomba, atawaambia kwamba amenisamehe.