Wasia Nilioutunga Mwenyewe

Nilimsingizia maiti!

Ndiyo, umesoma vizuri. Mume wangu Nahashon bado alikuwa mochari hapa Saint Paul, Marekani, anangoja ndege ya kumrudisha Kisii, na mimi nikasimama mbele ya kanisa zima nikamwekea maneno mdomoni.

Naitwa Velma. Naishi Maplewood, kazi yangu ni kuogesha wagonjwa hospitalini. Ningekuwa nesi kamili, lakini Form Three niliacha Kemia, na kwetu ukishaacha Kemia, unesi umekupita. Hilo jambo limenitafuna miaka ishirini na tano.

Sasa, kwa wale mlio nyumbani: huku mtoto wa high school huchagua mwenyewe mitihani ya masomo atakayofanya, na vyuo huiangalia kabla ya kumchukua. Binti yetu wa pekee, Jedidah, alikuwa amejaza Historia.

Historia, jameni!

"Jaza Kemia," nikamwambia.

"Mum, please. Sitaki."

Tulivutana mwezi mzima. Halafu figo za Nahashon zikagoma, akatutoka.

Siku ya ibada ya kumuaga nikashika maikrofoni.

"Kabla hajakata roho alinishika mkono, akasema, Jedi achukue Kemia, awe daktari."

Uongo mtupu! Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Velma, nipe maji."

Lakini nani atavunja wasia wa marehemu? Kwetu ukiuvunja, laana inakuandama wewe na kizazi chako. Pasta akamwekea Jedi mikono kichwani. Watu wakalia. Shemeji Zadock, kaka ya marehemu, akatoa kauli.

"Neno la mzazi limetoka, binti. Lishike."

Jedi akafuta Historia, akajaza Kemia. Hakubisha hata kidogo.

Nilipata nilichotaka, lakini wueh... amani sikupata!

Nikipika, nasikia Nahashon akikohoa sebuleni. Nikichungulia, ni Jedi tu, amejifunika koti la baridi la babake, anakariri Kemia.

"Jedi, umesikia hiyo?"

"Kusikia nini, Mum?"

Nikafunga siku saba kwa maombi. Kikohozi kikaendelea.

Ikafika Mei, asubuhi ya mtihani. Nam-drive shuleni, Jedi kando yangu ameweka earphones. Nikawasha gari tu...

"Jedi, mwanangu..."

Nahashon! Sauti yake, imejaa gari zima!

"...mama yako atakusukuma kwa Kemia. Usimkasirikie, hicho ni kidonda chake cha zamani. Wewe chagua unachokipenda. Mimi nimeridhika."

"Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu!" Nilipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha.

"Mum... Mum, tulia. Ni simu ya Dad."

Ile simu niliyoitafuta tangu mazishi! Ilikuwa kwa begi la Jedi, ndiyo aliyokuwa akiisikiliza kwa earphones. Gari lilikuwa limeizoea, likaiunganisha lenyewe kwa Bluetooth kama enzi za mwenyewe, sauti ikahamia kwa spika. Babake alimrekodia yale maneno, na kile kikohozi humo humo, siku tatu kabla ya kufa, na mtoto alikuwa akiyasikiliza kila asubuhi, hata pale sebuleni.

Nikazima gari.

"Kwa hiyo... ulijua nimedanganya?"

"Tangu siku ile kanisani."

"Mbona ulinyamaza?"

Jedi hunijibu kwa Kiingereza karibu kila siku. Siku hiyo alitafuta Kiswahili, neno moja moja.

"Wangekucheka, Mum. Wangesema umedanganya juu ya maiti. Na mimi nimebaki na wewe peke yako."

Nililia njia nzima. Yeye akashuka, akaingia kufanya Kemia.

Na akapita! Alama ya juu kabisa. Kanisa likapiga vigelegele, "Wasia umetimia!" Nikacheka nao, na moyoni najiona mchawi.

Jana ameleta fomu ya mitihani ya mwaka wake wa mwisho. Ameweka alama kwa Biolojia na Fizikia.

"Jedi, weka Historia. Nakusihi!"

"Nikiweka Historia wataniuliza mbona navunja wasia. Niwaambie nini, Mum? Ukweli?"

Fomu inarudishwa kesho.

Wazazi wenzangu, kidonda chako kitibu mwenyewe. Ukimbebesha mtoto anayekupenda, atakibeba kimya kimya mpaka uzee wake, na wewe utaona amekutii.

Basi Pasta, shemeji Zadock, na kanisa lote mlio kwa hii group, nisomeni vizuri. Hakukuwa na wasia. Nahashon hakusema vile. Niliutunga mimi, Velma, nikiwa na akili zangu timamu. Nichekeni, nisemeni, nitengeni mkitaka.

Jedi mwanangu, nimeshasema mwenyewe. Hakuna tena cha kunifichia.

Chukua kalamu.